Miaka Kumi na Tisa ya Kushikiza

Alikuja shuleni kufundisha insha. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, kwa sababu mwenyewe alilisema kwa kila mtu mpaka watu wakachoka kulisikia. Alikuja na cheti cha lugha, sanduku la vitabu vya hadithi, na sauti ya kusomea iliyowafanya walimu wenzake waache kusahihisha wamsikilize. Alifundisha insha siku tisa. Siku ya kumi mwalimu wa hesabu akaenda kupasuliwa jicho, na Mkuu wa shule akamwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamvika kilemba cha ukoka kama wafanyavyo wakubwa wakitaka kitu.

"Mwalimu, wewe una kichwa chepesi. Nishikizie kipindi cha hesabu wiki mbili tu. Ni aljebra tu, herufi na namba. Na herufi wewe ndiye mwenyewe."

Akashikiza. Mwalimu wa hesabu akapona jicho, na kitu cha kwanza alichokiona kwa jicho jipya ni kazi nyingine yenye ofisi na feni. Hakurudi. Wiki mbili zikawa muhula, muhula ukawa mwaka, na mwaka ukazaa wenzake. Sasa ilikuwa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Kila mtu alimwita Mwalimu Shikiza, na wanafunzi wengine waliamini ndilo jina alilopewa na baba yake.

Kila mwanzo wa mwaka aliandika barua ya kuomba arudishwe kwenye insha. Kila mwaka Mkuu, yule yule, aliisoma mpaka mwisho kwa adabu, akaikunja, akauliza, "Nikikutoa hapo, nimweke nani?" Swali hilo halikuwa na jibu. Angalau maswali ya aljebra yalikuwa nayo.

Mwalimu wa zamani alimwachia daftari lenye maswali arobaini yaliyokwisha fanyiwa kazi. Shikiza aliyameza yote arobaini. Aliamka alfajiri, akayafanya upya mezani kwake kabla ya kwenda kuyafanya ubaoni, na hakuthubutu kuandika mbele ya darasa mlinganyo ambao hakuwa ameumaliza nyumbani kwanza. Kwenye jalada la daftari lile kulikuwa na maneno matatu: ikivuka ng'ambo, inageuka. Hayo akayafanya dini. Namba ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha inageuka kutoa, kutoa inageuka jumlisha. Darasa zima liliimba naye, na kwa muda mrefu mambo yalikwenda.

Tuseme wazi: mwanamke huyu alikuwa na hofu. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa alivuka kizingiti cha darasa akitazama madawati arobaini na dirisha lenye nondo, akiomba asiulizwe kitu. Hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyefungiwa katika chumba cha mwenzake, na funguo wanazo wengine.

Mwenye kuuliza hakosekani katika darasa lolote. Mwaka huu alikuwa msichana mmoja mrefu waliyemwita Wakili, kwa sababu hakuna hukumu aliyowahi kuikubali bila rufaa. Siku moja Shikiza alikuwa anaeleza kwamba katika 7 + 3x = 19, ile saba ikivuka inakuwa kutoa saba, maana mbele yake kuna jumlisha iliyofichwa. Kisha, ikibaki 3x = 12, ile tatu iliyoshikana na x inavuka kwenda kugawanya, nayo inabaki vile vile, maana haina alama.

"Mwalimu," Wakili akasimama, "mbona saba ina jumlisha iliyofichwa na tatu haina?"

"Saba iko mwanzo."

"Kwa hiyo aliye mwanzo ndiye anayeficha?"

Darasa likacheka. Shikiza akasema muda umekwisha, na kwa kweli zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Katika darasa hilo hilo, dawati la nyuma kabisa, alikaa binti yake. Alikuwa anarudia mwaka. Mtihani wa kwanza alifaulu masomo yote isipokuwa hesabu, na chuo cha uuguzi alichokitaka hakimpokei mtu bila hesabu. Kurudia kunaruhusiwa mara moja tu. Shuleni alimwita mama yake Mwalimu, nyumbani akamwita Mama, na katikati ya njia hakumwita chochote, maana hawakuwa wakitembea pamoja.

Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya mtihani, binti alikuja mezani na karatasi aliyoazimwa na rafiki wa shule nyingine. Ilikuwa mitihani ya nyuma yenye majibu ukurasa wa mwisho. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mama, hili la tano. Saba kutoa tatu x ni sawasawa na kumi na tisa. Mimi napata nne. Wao wanasema hasi nne."

Shikiza alifuta mikono, akavuta karatasi. Alitazama kazi ya binti yake, na ilikuwa safi kama alivyofundishwa: saba imevuka, imebaki −3x = 12; kisha kutoa tatu imevuka kwenda kugawanya, ikageuka kuwa tatu ya kawaida; kumi na mbili kwa tatu, nne. Akatabasamu.

"Wamekosea kuchapa. Hawa wachapaji huwa wanakimbilia kazi."

"Na mimi nilidhani hivyo. Lakini la nane pia wamekosea kuchapa. Na la kumi na moja. Yote yenye kutoa mbele ya x, Mama, wamekosea kuchapa vile vile."

Binti akachukua kalamu. Alisema kule nyuma wameeleza namna ya kuhakikisha: unalichukua jibu lako, unalirudisha kwenye swali, mahali pa x, uone kama linakubali. Akaandika taratibu, kama mtu anayemwandikia mgonjwa dawa. Tatu mara nne ni kumi na mbili. Saba kutoa kumi na mbili ni hasi tano. Siyo kumi na tisa. Kisha akairudisha hasi nne yao. Saba, jumlisha kumi na mbili. Kumi na tisa.

Lilikubali.

Kurudisha jibu kwenye swali halikuwa jambo la ajabu. Ni jambo ambalo kila mwalimu wa hesabu analijua. Lakini halikuwamo katika lile daftari, na kisichokuwamo katika daftari lile Shikiza hakuwahi kukijua. Tena katika maswali yake arobaini halikuwemo hata moja lenye kutoa mbele ya x. Alilianzisha mwenyewe zamani, mwaka wa pili, ili kupanua somo kidogo, akatumia kanuni ile ile ya kuvuka. Majaribio alitunga yeye. Alisahihisha yeye. Nani angemwambia?

"Hakuna kinachovuka, Mama," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nimesoma maelezo yao. Pande mbili ziko sawa, ukiifanyia hii kitu, na ile unaifanyia hicho hicho. Unagawanya huku na huku kwa hasi tatu. Basi. Hasi haiendi popote."

Shikiza alifanya upya la tano, la nane na la kumi na moja, akarudisha kila jibu. Kila mara lile la kwake lilikataa. Alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na ilikuwa aibu, aibu tupu, ya kumfanya mtu atamani kuwa mahali pengine popote.

"Mwaka jana," binti akauliza, "nilifanya hivi hivi?"

"Ulifanya nilivyokufundisha."

Binti akakusanya karatasi zake. Hakupiga kelele, na pengine angepiga ingekuwa afadhali. "Jumatatu utawaambia?" aliuliza akiwa mlangoni. Mama alirudi kwenye mchele, akauchambua mara ya pili, ingawa ulikuwa safi.

Jumatatu alikwenda kwanza kwa Mkuu. Alifunga mlango, akakataa kiti kizuri, akaeleza yote akiwa amesimama, tangu jicho la mwalimu wa zamani hadi hasi nne. Alitegemea Mkuu atashtuka. Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, kisha akavuta droo ya chini na kuweka mezani karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja.

"Hizi ni za wasahihishaji," alisema. "Huniandikia kila mwaka. Miaka minane sasa."

Shikiza akasoma ya juu. Watahiniwa wa shule hii, karibu wote, hupoteza alama ya hasi wanapogawanya. Ya chini yake ilisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Ya tatu ilikuwa na mzaha kidogo: kwa kosa hili tunaitambua shule yenu hata kabla ya kutazama namba ya kituo.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeondoka, mwenyewe kila mwaka unaniandikia barua. Darasa lisilo na mwalimu wa hesabu linafungwa, Mwalimu. Lenye mwalimu anayekosea kidogo halifungwi." Alirudisha miwani usoni. "Lakini sikiliza, mambo yamekaa vizuri. Nimepata mwalimu wa hesabu, kasomea hasa, anaanza muhula ujao. Nilitaka kukushangaza. Darasa la insha ni lako, lote, la juu kabisa. Nimeshaandika ratiba."

Akamwonyesha. Ilikuwa kweli: jina lake halisi, kwa wino, na mbele yake neno insha mara tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Shikiza aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa alikuwa ameingoja, na alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, na vyote viwili alivizuia.

"Na hawa wa sasa? Wana wiki tatu."

"Watafanya mtihani wao, matokeo yatoke kama yanavyotoka. Ukienda kuwavuruga sasa, jioni wazazi wako hapa getini. Watataka wa kumlaumu, na mimi sitajilaumu mwenyewe. Hapo ratiba hiyo naichana. Nakushusha madarasa ya chini na hesabu zako hizo hizo mpaka ustaafu. Umekula ng'ombe mzima, Mwalimu, mkia ndio utakushinda?"

Alikuwa amebakiza miaka kumi na mmoja kustaafu. Alipofika kwenye korido alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo bila daftari.

Akili ya mtu aliyebanwa hutafuta tundu. Jumanne Shikiza alilipata lake: angesahihisha bila kukiri. Aliingia akaandika ubaoni −3x = 12, akasema leo kuna njia nyingine, ya kisasa, ya kugawanya pande zote kwa hasi tatu, na jibu ni hasi nne.

Wakili alikuwa ameshasimama. "Mwalimu, kwa njia yetu ni nne."

"Ndiyo. Kwa njia hii ni hasi nne."

"Swali moja lina majibu mawili?"

"Tumieni hii."

"Yetu ina kosa gani?"

Hapo ndipo tundu lilipoziba. Macho yote yalikuwa kwake isipokuwa ya binti yake, aliyekuwa anatazama dawati. "Haina kosa," Shikiza alisema. "Ni ya zamani tu." Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika Ijumaa: aliwapa jaribio la maswali sita, na kati ya wanafunzi thelathini na wanane, thelathini na mmoja walitumia njia ya zamani. Kwa nini wasitumie? Ilikuwa fupi, ina wimbo, na Mwalimu mwenyewe amesema haina kosa. Alisahihishia katika chumba cha walimu, saa sita mchana, wenzake wakizungumza mpira, na kila aliposahihisha aliona mkono wake mwenyewe katika miandiko thelathini na mmoja.

Mwisho-mwisho alifika kwenye karatasi ya binti yake. Maswali yote sita yalikuwa sahihi. Chini, mahali ambapo wanafunzi huandika jina, binti alikuwa ameandika sentensi moja: Mimi nimepona, wenzangu je?

Shikiza alikasirika kwanza. Alikasirika sana, akasema moyoni kwamba mtoto hajui miaka kumi na mmoja ni nini, hajui kuamka kila siku kwenda mahali usipopaweza. Kisha hasira ikamwishia, akabaki na ukweli wenyewe mkononi, nao haukuwa na pa kuwekwa. Kengele ya kipindi cha mwisho ikalia. Akapiga moyo konde, akaenda.

Hakuandika kitu ubaoni. Alisimama katikati ya madawati.

"Ile njia yetu ya kuvuka, kwenye kugawanya, ni kosa," alisema. "Siyo ya zamani. Ni kosa. Nimewafundisha kosa. Na Jumanne mliponiuliza, nikawadanganya, kwa sababu niliogopa."

Alitegemea kicheko, hata matusi ya chini chini. Mwanafunzi mmoja wa mbele alianza kufuta daftari lake kwa raba, akasita.

"Mwalimu, nifute yapi?"

"Na yale mengine?" akauliza mwingine. "Ya mabano? Ya kujumlisha x na x?"

Miaka yote hiyo aliingia na majibu tayari kama chakula kilichopikwa nyumbani. "Sijui," alisema. "Mengine nadhani ni sawa, lakini sina hakika tena. Usifute kitu. Tutachukua kila jibu, tutalirudisha kwenye swali lake. Litakalokataa tutalitafutia sababu, pamoja."

Wakaanza. Kwenye dirisha kivuli cha Mkuu kilipita, kikasimama kidogo, kikaenda zake bila kuingia. Shikiza alikiona. Alijua ratiba ile inachanwa, akajua sauti yake ya kusomea itazeekea katika jedwali la kuzidisha. Ilimuuma kama alivyojua itamuuma. Aliinama kwenye dawati lililofuata akaendelea kurudisha majibu.

Kengele ilipolia wengine walitoka, Wakili akabaki. Hakuwa na sura ya kubishana.

"Mwalimu, dada yangu mkubwa ulimfundisha."

"Namkumbuka. Alikaa dirishani."

"Alipungukiwa maksi mbili."

Shikiza alisubiri rufaa, haikuja. Wakili alichukua mkoba wake akatoka, na ilikuwa mara ya kwanza yule msichana kuondoka bila kupata jibu.

Siku hiyo mama na binti walitembea pamoja. Kwenye kona ya maduka binti alipunguza mwendo mbele ya chumba cha dobi, mlango wazi, mvuke ukitoka na harufu ya sabuni.

"Yuko humu," binti alisema. "Dada yake Wakili. Mwaka wa tano sasa."

"Najua. Napita hapa kila siku."

"Nikusubiri, Mama?"

"Nenda ukasome, mwanangu."

Aliingia. Ndani mlikuwa na joto la kukaba koo, mashati yamening'inia mpaka darini, na kati ya meza na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu kusimama. Mwanamke kijana aliyesimama hapo aliinua kichwa, akaweka pasi pembeni, uso ukamchangamka.

"Shikamoo, Mwalimu! Jamani, leo umetukumbuka. Umeleta nguo?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Shikiza. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. "Sikuleta nguo."